Git iling'ang'ania akaunti ya kaka yangu

Kaka alinirithisha laptop yake. Kila nikipiga `git push`, amri ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) ya kupeleka kazi kwenye seva, napata 403, yaani kosa la kukosa ruhusa, na jina linalotajwa ni lake. Nilibadilisha `user.name` mara tatu, bure. Hiyo huandika tu jina kwenye komiti (rekodi ya mabadiliko), haihusiki na kuingia.

Nikaiuliza Git inakotoa nywila:

`git config --show-origin --get-all credential.helper`

Ikanionyesha faili la mipangilio la `.gitconfig` na neno `store`, yaani hifadhi kwenye faili. Kumbe tokeni yake (msimbo wa siri unaotumika kama nywila) imekaa ndani ya `~/.git-credentials`, waziwazi, yeyote anayefungua faili anaisoma. Nilishtuka.

Kilichonipotezea jioni nzima ni hiki: seva ikijibu 401, yaani imekataa nywila, Git huifuta nywila iliyohifadhiwa. Ikijibu 403 huiacha, maana nywila ni sahihi ila mwenyewe hana ruhusa. Ndiyo maana haikuniuliza chochote.

Nikafuta mstari wa kaka ndani ya `~/.git-credentials`, kisha:

`git config --global credential.helper 'cache --timeout=3600'`

Sasa inakumbuka saa moja tu, bila kuandika kwenye diski. `push` iliyofuata ikaniomba jina na tokeni, ikapita. Kaka nikampigia simu aibatilishe tokeni yake usiku uleule.