Gombe, kwenda na kurudi siku hiyohiyo

Nimeishi Kigoma miaka tisa na Gombe, hifadhi ya sokwe, nilikuwa naiona kwenye mabango tu. Ilibidi shemeji yangu ashuke kwenye treni ya Tabora na ndoo yake ya asali ndipo nione aibu. "Yaani shemeji, hata sokwe mmoja hujamwona?"

Kinachosumbua ni usafiri. Boti za abiria hutoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi ya kesho yake, kwa hiyo ukizitegemea utalala huko upende usipende. Tukachangishana watu saba, tukakodi boti ya mbao. Ilikuwa mwisho wa Agosti, Ziwa Tanganyika limefunguliwa juzi tu baada ya miezi mitatu ya kuzuiwa kuvua, na mwalo mzima uling'aa kwa dagaa walioanikwa. Shemeji akaokota mmoja, akatafuna. "Sisi Tabora mnatuletea wazee," akasema.

Karibu na Mtanga mashine ikazima. Nahodha hakusema neno. Akafungua plagi kwa spana, akaifuta kwa pindo la fulana, akaipuliza, akairudisha, akavuta kamba. Mara ya nne ikaitika. Muda wote huo nilikuwa nakumbuka kwamba ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na kwa kina linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi tu duniani. Najua, huko ni mbali na pale tulipokuwa, lakini kamweleze hivyo mtu asiyejua kuogelea.

Mpaka wa hifadhi huna haja ya kuonyeshwa. Milima ya njiani imelimwa mihogo hadi juu, myekundu, imebaki na upara. Halafu ghafla msitu.

Kasekela, kituo cha kupokelea wageni hifadhini, tulipewa masharti: chakula huliwa ndani, kwa sababu ya nyani, na tukikutana na sokwe tukae mita kumi, barakoa usoni. Sokwe wenyewe walikuwa wamehamia bonde jingine. Tulisikia kelele zao tu, upande wa juu, kama watu wanaogombana baa.

Basi tukaenda kwenye maporomoko. Njia inapanda na kijito cha Kakombe, chini ya miti mikubwa na michikichi ambayo sokwe nao hula matunda yake. Jasho lilikuwa linatutoka. Tulipokaribia, hewa ikabadilika ikawa ya baridi, na maji yakaonekana yakidondoka kwenye mwamba mweusi, kama mita 25. Kiongozi wetu akasema madume huja hapa, manyoya yakisimama, wakayumba, wakabembea kwenye kamba za miti na kurusha mawe kijitoni. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika hapa Julai 14, 1960, miaka minane kabla ya Gombe kuwa hifadhi ya taifa, aliliandika jambo hilo, akajiuliza kama ni mshangao kama wetu. Shemeji, mtu wa maneno, alikaa juu ya jiwe, viatu mkononi, dakika ishirini bila kuongea.

Aliongea tuliporudi ufukweni. Alikuwa ameweka mfuko wa chapati pembeni afunge kamba za viatu, nyani akapita taratibu, akauchukua, akaenda kukaa kwenye omo ya boti yetu. Alikula zote sita akitutazama.

Kurudi, upepo wa kusi ulitupiga usoni. Kibirizi tulifika saa kumi na moja, tumelowa hadi soksi. Shemeji hakungoja hata kukauka. Akaenda kwa mama mmoja kwenye dagaa, akaanza kubishana bei.