Insha Isiyo na Alama

Muhula wa pili wa 2016 mabweni yaliungua Kenya kama mabua. Shule zaidi ya 100 zilishika moto mwaka huo, na asubuhi katika chumba cha walimu tulifungua redio kabla ya chai, tusikie zamu imemfika nani. Waziri wa Elimu, Matiang'i, alikuwa amebana wizi wa mitihani. Wengine walisema chanzo ni hicho, wengine wakalaumu maharagwe. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wavulana.

Nikawapa kidato cha tatu insha ya methali: "Dalili ya mvua ni mawingu." Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nimechoka tu.

Kijana mmoja mpole, wa maneno machache, akaandika bweni linaloungua. Mlango umetiwa kufuli kwa nje. Dirishani kuna vyuma, na mkono umepenya hadi kwenye kiwiko ukakwama. Nilisoma mara mbili, nikaiweka kalamu nyekundu, nikampelekea naibu daftari. Naibu hakumaliza ukurasa. Jioni ile ile kijana alikuwa langoni na sanduku lake, amesimamishwa masomo wiki mbili. Mimi nikalala fofofo, kama mtu aliyeifanya kazi yake.

Mama yake alikuja kesho yake. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, si wewe uliyemwambia aandike? Mjomba wake alikuwa Kyanguli."

Kyanguli, Machakos, Machi 2001. Wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Kijana huyu wakati huo hakuwa amefikisha miaka miwili. Amekua akiisikia hadithi hiyo nyumbani. Nikasema, "Pole, mama." Moyoni nikaona bado ni heri akae kwao.

Wiki iliyofuata bweni liliungua, saa mbili usiku, wanafunzi wakiwa madarasani. Hakuna aliyeumia. Petroli ilikuwa imeingizwa kwa chupa ya soda na kiranja wa bwalo, kijana mcheshi aliyenibebea vitabu kila Jumatatu.

Polisi walipoondoka naye, nilitafuta insha yake. Shamba la mahindi, wingu jeusi, bibi anaanua nguo mbio mbio. Nilikuwa nimempa 16 kwa 20 na kuandika pembeni, "Hongera, lugha safi." Niliisoma tena nikitafuta moshi katika kila sentensi. Haukuwamo. Yalikuwapo mengine, ndiyo: wavulana watatu walipeleka masanduku kwao katikati ya muhula, eti bawaba zimevunjika, ugali ulibaki sahanini siku tatu mfululizo. Lakini ugali hubaki kila muhula, na bawaba za masanduku yale ya bati huvunjika kweli.

Wiki mbili zilipokwisha kijana wangu alirudi. Nilimpa daftari lake, akalifungua papo hapo.

"Mwalimu, hii hujasahihisha."

Nikaivuta kalamu, nikampa 17. Nilitaka kumwomba radhi. Nilichosema ni kwamba aangalie aya zake, zilikuwa ndefu mno.

"Sawa, mwalimu." Akasita kidogo. "Na vile vyuma vya madirisha?"

Mwongozo wa usalama wa wizara ulivikataza tangu 2008. Katika mabweni yaliyobaki, vilikuwa bado vipo.