Usiku Niliopewa Mshale

Mpwa wangu ameitwa kwenye usaili wa kazi katika kituo cha umeme cha Karuma, na juzi jioni, karatasi zake zikiwa zimetandazwa juu ya meza yangu, aliniuliza: "Mjomba, wakitaka kujua nitakaa nao miaka mingapi, niseme nini? Na wewe ulikaaje mahali pamoja maisha yako yote?" Tangu juzi swali hilo halijanitoka.

Mahali palikuwa pamoja, ingawa majina yalibadilika. Nilipoajiriwa, karatasi ya mshahara ilikuwa na jina la UEB, Bodi ya Umeme ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1948 na ambayo ilijenga bwawa la Owen Falls pale Jinja, bwawa lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi wa Aprili 1954. Mwaka 2001 Bodi iligawanywa katika kampuni tatu, moja ya kuzalisha umeme, nyingine ya kuusafirisha na ya tatu ya kuusambaza, na sisi wa bwawani tukawa upande wa kuzalisha. Mwaka 2003 uendeshaji wa Nalubaale, kama Owen Falls inavyoitwa sasa, pamoja na kituo jirani cha Kiira, ukakabidhiwa kampuni tanzu ya Eskom ya Afrika Kusini kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba huo ulipokwisha mwaka 2023 nilikuwa nimeshastaafu. Hata hivyo lango nililopita asubuhi lilikuwa lile lile, na mitambo iliyonisubiri ndani ilikuwa ile ile kumi, kwa hiyo nikisema kwamba nilifanya kazi katika kampuni moja, naamini nasema kweli.

Anachotaka kujua binti yule ni kwa nini sikuondoka wakati wenzangu walipoondoka. Jibu langu, kama ni jibu, liko katika usiku mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Zilikuwa nyakati za ukarabati mkubwa. Kila mtambo ulikuwa ukifunguliwa, ukasukwa upya na kuongezewa uwezo kutoka megawati 15 hadi 18, ili kituo kizima kitoke megawati 150 na kufika 180. Wengi niliosoma nao Makerere walikuwa wameshakwenda Nairobi, Maseru na Gaborone. Mimi pia nilikuwa nimepata nafasi Gaborone, kwa mshahara uliozidi wangu mara nyingi, na nilitakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumbani walijua, na kazini alijua Mzee wa zamu peke yake.

Mzee huyu wa kutoka Tororo alifundishwa kazi na Waingereza kabla ya Uhuru, akabaki pale kwa miaka yote ambayo wengine walikuwa wakija na kuondoka. Zamu yake ilikuwa na Wasoga, Wajopadhola, Wasamia na Walugbara, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Amri za chumba cha udhibiti nilizifahamu kwa Kiswahili kabla sijazizoea kwa Kiingereza cha vitabu.

Usiku ule Mtambo wa Saba ulikuwa unarudishwa kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, baada ya miezi mingi ya kuwa wazi. Saa mbili usiku ilikuwa imekaribia, saa ambayo nchi inapika na kuwasha taa, na Kampala walikuwa wakiusubiri umeme wake. Mzee aliwasha vyombo, akatazama mita zote kwa utaratibu wake, kisha akasogea pembeni ya paneli na kuniambia: "Injinia, leo ni wewe." Nilikuwa nimeshalitazama tendo hilo likifanywa, na nilijua nadharia yake vizuri, lakini hakuna aliyewahi kuniachia kipini cha breka, ile swichi kubwa inayouunganisha mtambo na gridi.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, niseme kwamba jenereta kubwa haiunganishwi na gridi kama taa inavyowashwa. Volteji za pande mbili lazima zilingane, masafa ya mtambo, yaani mizunguko ya umeme wake kwa sekunde, yakaribie kabisa yale 50 ya gridi, na mawimbi yote mawili yapande na kushuka kwa pamoja. Ukifunga breka wakati mawimbi yamepishana, gridi nzima huishika shafti ya mtambo na kuilazimisha ifuate, na nguvu hiyo inaweza kupinda nyaya nene za jenereta na kuvunja viungo vya chuma ambavyo vimechukua miezi kufungwa. Kinachokuongoza ni chombo kimoja cha duara chenye mshale, sinkroskopu, pamoja na taa mbili ndogo kando yake. Mtambo ukiwa na kasi kuliko gridi mshale huzunguka kuelekea kulia, ukiwa mzito huzunguka kuelekea kushoto, na unapofika juu kabisa taa zile huzimika, kwa maana mawimbi yamekutana. Mzee alipenda kusema kwamba ni kama kuingia kwenye kamba wanayozungusha watoto: huingii kwa haraka yako, unaingia kwa haraka ya kamba.

Mara ya kwanza mshale ulikuwa unakimbia. Niligusa swichi ya gavana, kifaa kinachodhibiti maji yanayouzungusha mtambo, kupunguza maji kidogo, ukapoa, ukapoa zaidi, ukasimama mahali pasipofaa, kisha ukaanza kurudi nyuma. Nikaongeza maji. Simu ya Kampala ililia, na nilimsikia Mzee akijibu nyuma yangu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Subirini. Kijana anausikiliza." Neno hilo lilinifanya niusikilize kweli, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mngurumo uliokuwa ukipanda kupitia sakafu ulikuwa unabadilika pamoja na mshale, ukijaa na kupungua, na kwamba mtu angeweza karibu kuifanya kazi ile akiwa amefumba macho. Mshale ukaanza kwenda kulia polepole, kama inavyotakiwa. Niliuacha upite juu mara moja, makusudi, ili nijue mwendo wake. Taa zilizimika, zikawaka tena. Uliporudi, sikungoja ufike juu, kwa sababu breka za aina ile zilichukua muda mdogo kufunga na mkono lazima utangulie. Ulipobakiza nafasi ndogo kama upana wa kidole nilizungusha kipini.

Mlio mmoja mzito ulisikika kutoka upande wa swichi. Mshale ulisimama wima. Taa za chumba hazikutikisika hata kidogo, na ule mngurumo uliokuwa ukipanda na kushuka ukawa sauti moja. Tulianza kuupakia mzigo, megawati moja baada ya nyingine, nami nikiandika joto la beringi kila mara Mzee aliponiita namba.

Usiku ulipoendelea alinichukua tukashuka hadi kwenye sakafu ya jenereta. Alitoa mfukoni sarafu ya shilingi moja ya zamani, yenye picha ya korongo, ambayo tangu kubadilishwa kwa fedha mwaka 1987 haikununua chochote, akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya kifuniko cha mtambo uliokuwa ukizunguka chini yetu. Ilisimama. Kisha tulitembea kutoka mtambo hadi mtambo, na kwa kila mmoja akanieleza ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote cha kituo: upi beringi yake huwahi kupata joto, upi hutetemeka ukipakiwa nusu kwa sababu maji hujisokota chini ya turbaini, upi gavana yake huchelewa asubuhi na huhitaji uvumilivu. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimuuliza ni nani mwingine anayeyajua yote yale, akataja watu wawili, na wote wawili walikuwa wameshaondoka.

Niliwaandikia watu wa Gaborone kuwashukuru.

Yaliyofuata yanajulikana. Kiira ilianza kuzalisha umeme mwaka 2000. Ziwa likashuka mno mwaka 2005 na 2006, tukajifunza kuyathamini maji kuliko tulivyowahi kuyathamini. Nikapanda vyeo, nikawafundisha wengine, nikaacha kazi nikiwa na daftari nene la mambo ya mitambo kumi. Rafiki yangu aliyekwenda Botswana amerudi, amejenga, na anaifahamu mitambo ya aina nyingi ambayo mimi nimeiona kwenye picha tu. Tunapokutana huniambia kwamba nilipoteza mengi, nami humwambia kwamba yeye pia alipoteza, na kwa kweli tunakubaliana.

Ndiyo maana nasita kumwambia mpwa wangu akae. Karuma ina mitambo sita ya megawati 100 kila mmoja, chini kabisa ya ardhi, na kompyuta ndiyo inayosubiri mshale na kufunga breka. Nilimshauri jambo moja: watakapompa nafasi ya kuuliza, aulize ni nani waliokuwepo mtambo wa kwanza ulipounganishwa, na kama bado wako kazini.

"Na wakisema wameshaondoka, Mjomba?"

Sikuwa na la kumjibu. Tulirudi kwenye hesabu za gavana, kwa sababu hizo watamuuliza bila shaka, na usaili ni Alhamisi.