Visigino

Jumapili jioni binti yangu alinijia na futi ya fundi cherehani shingoni na daftari la hesabu mkononi. Wameambiwa wampime kila mtu wa nyumbani mara mbili: kimo chake, halafu anyooshe mikono, apimwe kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu hadi ya mkono ule. "Mama, vua viatu, simama ukutani." Nikasimama. Akaniwekea rula kichwani, akasema, "Usichuchumie." Koo likanikaba.

Neno hilo nililisema mimi, Tanga, mwaka 1993, darasa la tano.

Mwalimu wetu wa hesabu alianza na vipimo vya wazee: shubiri mbili dhiraa, dhiraa mbili wari, wari mbili pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Akauliza nani anajua kupima pima. Mwenzangu wa dawati, mtoto wa mvuvi, akaenda mbele, akashika kamba ya katani na kuitandaza kifuani kama baba yake anavyopima kamba ya nanga. Tukampigia makofi. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama wima namna ile. Alikuwa na miaka 13, wengi wetu tulikuwa na 11, na bado alikuwa mfupi kuliko karibu darasa zima.

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi nikapewa chaki. Safu ya kwanza pima ya kila mtoto, safu ya pili kimo chake. Namba zilianza kufuatana, mtu na pima yake, na mimi niliyekuwa naziandika nilihisi kama nimefunuliwa siri. Wasichana wanne waliwapita wavulana wote kwa urefu, wavulana wakapiga kelele kwamba futi ni mbovu. (Wasichana huanza kurefuka mapema kidogo, hakuna aliyetuambia.)

Ikafika zamu yake. Pima yake ilikuwa sentimita 134, nilishaiandika. Akaenda ukutani, Mwalimu akaweka rula, akasoma: "Mia moja thelathini na saba."

Nikageuka nimtazame. Vidole vya miguu vilikuwa vimetanuka kwenye sementi, visigino vimenyanyuka kama upana wa vidole viwili. Mashavu ya miguu yalikuwa yakitetemeka. Mikono ameibana mapajani, uso ameuinua kwenye bati, hapumui. Hakuwa akicheza. Nilimwona akijitahidi kwa mwili wake wote kuwa kitu fulani mbele yetu, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kunyamaza.

"Mwalimu, anachuchumia."

Mwalimu akamgusa bega, taratibu. Akashuka. Mia moja thelathini na nne. Nikaiandika, na nilifurahi, jamani, nilifurahi kwamba namba zimelingana. Nyuma yangu mtu akasema, "Na ana miaka kumi na tatu!" Kicheko kikaenea hadi madirishani. Kesho yake aliomba ahamishiwe dawati la nyuma. Tulimaliza la saba pamoja, hatukuzungumza tena zaidi ya salamu.

Kabla kengele haijalia siku ile, Mwalimu alitueleza kwamba kimo na pima hukaribiana tu, havilazimiki kuwa sawa. Kulikuwa na watoto ubaoni waliopishana sentimita nne. Hao hakuna aliyewatazama visigino.

Nilipokuwa nampeleka binti yangu kliniki, muuguzi mmoja alitukalisha kina mama kwenye benchi akatueleza udumavu: siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, chakula kikipungua na maradhi yakirudi rudi, kimo kinachopotea ni vigumu kukirudisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sijui kama ndilo lililompata yeye. Ila nilipoisoma namba ile nilimwona ukutani, uso ameuinua kwenye bati.

Jumapili ile daftari lilijaa, ikabaki mistari ya binti yangu mwenyewe. Akanipa rula, akaegemea ukuta, akavuta pumzi.

"Mama, mbona unaangalia chini? Soma namba."