Kumfuata akalati ndani ya Arabuko-Sokoke

Ukitoka Mombasa na matatu ya Malindi, unapita mkonge wa Vipingo, unavuka daraja la Kilifi, halafu mbele huko unaanza kuona msitu umekaa kushoto kwako kama ukuta. Huo ndio Arabuko-Sokoke. Wengi wanaupita tu wakikimbilia bahari. Mimi nilimwambia konda anishushe kwa stesheni ya msitu kabla hatujafika njia panda ya Gede, akanitazama tazama hivi, akauliza "hapa porini unaenda kwa nani?" Nikamjibu kwa ndege, akacheka akapiga bodi gari ikaenda.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee Mgiriama anayeujua ule msitu vichochoro vyote. Akaniuliza kama nimekuja kwa sababu ya bundi, maana wageni karibu wote wanamtaka yule bundi mdogo wa Sokoke. Nikamwambia hapana mzee, mimi namtaka akalati, yule ndege mdogo wa kifua cha machungwa. Akatabasamu. "Huyo si wa kuangalia juu, huyo ni wa chini. Twende polepole."

Sasa huu msitu sio mmoja, ni kama mitatu imeshonwa pamoja. Upande wa barabara kuna mchanganyiko wa miti, mibambakofi mikubwa na chini yake vichaka vimefungana. Katikati ni miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, peupe kidogo, jua linapenya hadi chini. Ukiendelea magharibi udongo unakuwa mwekundu na hapo ni miti ya mifunda, kichaka cha kukuchana shati. Akalati kwenye mirihi usijisumbue. Yeye anataka kivuli na majani makavu yaliyolundikana chini, kwa sababu chakula chake chote kiko humo, mbawakawa, sisimizi, vijidudu vya kila aina, yaani yale majani tunayokanyaga bila kufikiria ndio ghala lake.

Tukatembea, tukasimama, tukatembea tena. Mbu nao hawakulala! Kwanza tulisikia majani yanachakarishwa, nikainua darubini haraka, kumbe ni sange, yule mnyama mdogo wa kiuno cha manjano mwenye pua kama kamkonga kadogo, anafukua majani kwa fujo. Na nyuma yake kuna ndege wa kifua cha rangi ya machungwa anamfuata mguu kwa mguu, sange akitimua mdudu yeye anadokoa. Nilidhani ndiye, mzee akatikisa kichwa, huyo ni mkubwa zaidi na kichwa chake kina wekundu. Akaniambia ni kawaida yao, hata siafu wakipita kuna ndege wanaandamana nao hivyo hivyo, hawali siafu wenyewe sana, wanakula wale wadudu wanaokimbia siafu. Ujanja mtupu.

Akalati tulimsikia kabla ya kumuona. Ni filimbi nyembamba, za haraka haraka, zinajirudia rudia, na ukidhani inatoka kulia kumbe iko mbele yako. Mzee akachuchumaa, nami nikachuchumaa, tukakaa hapo mpaka magoti yakaanza kulalamika. Halafu bila taarifa huyo hapo, kwenye kijiti chembamba, juu ya ardhi kiasi cha goti langu tu. Kadogo jamani. Mgongo rangi ya zeituni iliyofifia, mbawa zina kijivu cha buluu, kifuani machungwa yanayoelekea manjano, tumboni nyeupe. Anakaa wima, kimya, anaangalia chini kichwa ameinamisha upande, kisha pap! anashuka, anaokota kitu, anarudi kijiti kingine. Kuna kidoa cheupe mbele ya jicho ambacho kwa kawaida amekificha ndani ya manyoya, na kwa bahati ndege mwenzake alipomkaribia akakitoa nje, kikaonekana kama taa imewashwa, kisha kikazima. Kwangu hicho kidoa peke yake kilitosha kulipia nauli.

Wanasayansi walimwandika akalati huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1909 kutokana na ndege aliyetoka Msumbiji, lakini hawa wa pwani ya Kenya na Tanzania wana jina lao la ziada, sokokensis, kutokana na msitu huu huu. Picha sikupata ya maana, gizani pale kamera inatoa ukungu tu, na flashi sikutaka kuitumia.

Kurudi tulipita mahali kuna visiki vibichi, mtu amekata fito za kujengea. Mzee akavionyesha kwa fimbo bila kusema sana. Akasema tu, ukifungua hapa juu jua linaingia, majani yanakauka yanapukutika vumbi, na yule mdogo wako anahama. Mimi naona hiyo ndiyo hatari yenyewe, msitu unaweza kuonekana umesimama ukiuangalia kutoka barabarani huku chini kumeshakuwa kweupe.

Akina akalati wako wengi, ukoo mzima unaitwa Sheppardia na wote ni wa Afrika. Sasa nataka yule wa Usambara Magharibi, Tanzania, ambaye hapatikani pengine popote duniani isipokuwa kwenye misitu ya milima ile. Kama kuna mtu anamjua mwenyeji mzuri wa kuingia naye msitu wa Magamba, kule Lushoto, aniambie, viatu bado viko mlangoni.