Randa

"Nipe randa," Baba aliniambia, mkono ukielekea kwenye glasi ya maji.

Nikadhani anaota. Nilimpa glasi, akaitazama, akakunja uso. "Randa!" Sasa kwa hasira. Chupa ya uji ikawa randa, miwani ikawa randa, na mimi kitindamimba wake nikaitwa randa. Baba ni seremala, kala vumbi la mbao Tanga kwa zaidi ya miaka 40, na usiku ule neno hilo, jina la kifaa cha kulainishia mbao, ndilo pekee lililobaki kinywani mwake.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa na akili timamu, akiwatania wauguzi. Kilichotuleta Dar es Salaam ni miguu. Ilikuwa inakufa ganzi. Akienda hatua 20 anatafuta pa kuegemea. Wagonjwa wa namna yake hupelekwa kwenye MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, lakini Baba ana betri ya moyo ya zamani, aina isiyoruhusiwa kuingia kwenye sumaku ile. Ikabaki njia ya kumchoma sindano chini ya mgongo, kumwingizia dawa yenye ayodini ndani ya maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, kisha kumpiga picha kwa mashine ya CT, ile ya eksirei. Kwenye picha dawa huonekana nyeupe, na pale mishipa inapobanwa, weupe hukatika. Tuliambiwa baada ya kipimo asilale kichwa chini, kitanda kiinuliwe upande wa kichwani, dawa isikimbilie juu.

Magharibi kichwa kikaanza kumuuma. Akatapika mara mbili. Ndipo maneno yakapotea.

Baba mdogo nilipompigia simu alisema bila kusita, "Kaka kapandwa. Mrudisheni nyumbani asomewe." Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kusoma Yasini kimoyomoyo. Hofu yangu ilikuwa kiharusi, ingawa mdomo haukupinda na mikono ilikuwa na nguvu zake.

Daktari wa zamu akaagiza picha ya kichwa, kisha akaniita niitazame. Kiharusi hakukiona, wala damu. Lakini mikunjo yote ya ubongo ilikuwa imejaa weupe, kama chokaa iliyosukumwa kwenye nyufa za ukuta. Dawa ya mgongoni ilikuwa imepanda kichwani. Kwa wagonjwa wengi, akanieleza, huingia kwenye damu taratibu na kutolewa na figo bila mtu kujua. Kwa wachache sana huukera ubongo: huyu anachanganyikiwa, yule anapoteza maneno, mwingine anapata degedege au haoni kwa muda. Dawa iliyotumika miaka ya 1970, metrizamidi, ilikuwa na tabia hiyo zaidi, na zile za mafuta zilizoitangulia zilikuwa zikibaki mgongoni kwa miaka, baadhi ya watu mishipa yao ikavimba na kugandana. Hii aliyopewa Baba, aioheksoli, ndiyo yenye nafuu. Nilikuwa nikilisikia neno nafuu huku kutoka wodini nikisikia, "Randa! Randa!"

"Mzee anatumia dawa gani?"

"Ya presha na ya moyo."

"Nyingine?"

Nikafungua mkoba. Ilikuwemo amitriptilini, kidonge kimoja cha usiku, aliyoandikiwa kwa ajili ya maumivu ya miguu. Nilimmezesha kwa mkono wangu usiku wa kuamkia kipimo. Daktari alikaa kimya kidogo, kisha akasema dawa za kundi lile huufanya ubongo uwe mwepesi kushikwa na degedege. Husimamishwa angalau saa 48 kabla ya kipimo, na hazirudishwi mpaka zipite saa 24 baada yake.

"Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoleta hili," alisema. "Lakini tulipaswa kuijua."

Alisema "tulipaswa". Mimi nikasikia "ulipaswa". Swali la dawa niliulizwa asubuhi, nimesimama kwenye korido na begi begani, na aliyeuliza alikuwa ameshageukia mgonjwa mwingine kabla sijamaliza kujibu. Ile haraka inaniuma hadi leo. Na inaniuma pia kwamba kidonge cha usiku sikukihesabu kuwa dawa.

Akawekewa dripu, akapewa dawa ya kuzuia degedege, kitanda kikainuliwa zaidi. Sikulala. Siku ya pili aliniomba chai akaiita "maji", nikatoka nje kulia, kwa sababu maji si randa.

Siku ya tatu alfajiri nilisinzia kwenye kiti. Muuguzi alikuwa anahangaika na mlango wa kabati la pembeni ya kitanda, unagoma kufunga. Nikasikia sauti ya Baba, kavu lakini ya kwake kabisa:

"Usiulazimishe, mwanangu. Bawaba ya juu imelegea. Niletee bisibisi."

Nikafumbua macho. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umelala kwenye kiti?"