Piza ya Michenzani

Jamani, nimeshiba mpaka napumua kwa shida 😅

Wiki ya pili hii nipo Unguja kikazi, na kila mtu ananiambia piza ni Forodhani. Nimeenda mara mbili. Tamu, sikatai, ila pale naona nusu ya bei nalipia upepo wa bahari.

Leo baada ya Isha mwenyeji wangu kanivuta mpaka Michenzani, nyuma ya yale majumba marefu.
Meza moja, jiko la mkaa, chuma cheusi, na mzee mmoja asiye na haraka na mtu.

Kwa wasioijua: si ile ya Waitaliano. Donge la unga linatandazwa, katikati kima, kitunguu, hoho na jibini kidogo, yai linapasuliwa juu yake, kisha linakunjwa pande nne na kukaangwa. Bibi yangu, Mpemba yule, angeiita mantabali na kesi ingeishia hapo.

Lakini huo unga!
Kauvuta, kaupiga mezani, kauvuta tena. Alipouinua, nikaiona taa ya barabarani kupitia unga. Haujachanika hata kidogo.

Nikamwambia, "Mzee, hii si shuka hii?"
Akajibu bila kuniangalia: "Shuka hailiwi, mwanangu. Subiri."

Nimekula mbili. Ya tatu nimefungiwa, ipo hapa kando ya kitanda inanukia.

Wazanzibari, narudi Dar Jumapili. Nani ana kijiwe cha kukishinda hiki? Tupieni hapa 👇